Kitenzi Kisichotenda: Nafasi ya Kidumishi katika Lugha za Safu na katika Sarufi ya Kiswahili

Utangulizi

Istilahi mbovu huleta hasara mbili kwa pamoja. Humpotosha mwanafunzi anayejitahidi kuielewa dhana, na huwapa hoja wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba maarifa ya kisayansi. Hasara hizi hudhihirika pale neno la kigeni linapofasiriwa kwa kutazama kamusi tu, bila ya mfasiri kujiuliza kitu kinachotajwa kinafanya kazi gani. Mfano mzuri ni neno la Kiingereza identity. Katika siasa na sosholojia neno hilo hufasiriwa kuwa utambulisho, na hapana anayelalamika. Lakini wanahisabati na watunzi wa programu za tarakilishi wanapolitumia, hawazungumzii utambulisho wa mtu wala wa kitu. Wanazungumzia jambo lisilobadili chochote: ukiligusisha na kitu, kitu hicho hubaki kama kilivyokuwa.

Makala haya yanatetea rai tatu. Ya kwanza ni kwamba jambo hilo lisilobadili kitu lina kazi kubwa katika lugha za kutungia programu zinazoitwa lugha za safu. Ya pili ni kwamba mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ana nyenzo bora za kulielewa kuliko anayeegemea sarufi ya Kiingereza peke yake. Ya tatu ni kwamba jina lake la Kiswahili halina budi kutokana na kazi yake. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; huenda methali hiyo ndiyo muhtasari wa yote yatakayoelezwa hapa.

Chimbuko la lugha za safu

Lugha za safu zilitokana na juhudi za Kenneth Iverson, mwanahisabati aliyezaliwa Kanada mwaka wa 1920 na kufariki mwaka wa 2004. Alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, Iverson alibuni mfumo wa alama za kueleza hatua za ukokotoaji kwa ufupi na kwa usahihi. Mfumo huo aliuchapisha mwaka wa 1962 katika kitabu A Programming Language, na herufi za mwanzo za anwani hiyo ndizo zilizoipa lugha ya APL jina lake. Kampuni ya IBM iliigeuza mifumo hiyo ya alama kuwa lugha inayoendeshwa na mitambo katika miaka ya sitini. Mwaka wa 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, na katika hotuba aliyoitoa kwa mnasaba huo alitetea wazo kwamba alama ni chombo cha kufikiria, wala si njia ya kuandikia tu mawazo yaliyokwisha kukamilika. Kwa mwanaisimu, dai hilo si geni.

Sifa kuu ya lugha hizi ni kwamba hazishughulikii namba moja baada ya nyingine. Hushughulikia safu nzima kwa tendo moja. Alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya safu mbili zilizo na urefu sawa, kila namba hujumlishwa na mwenzake bila ya mtunzi kuagiza hatua kwa hatua. Vilevile, alama ya mkwaju ikiambatishwa baada ya alama ya kujumlisha, yaani +/, safu yote hukunjwa ikawa jumla moja. Kwa hiyo +/ 4 7 9 hutoa 20, na ×/ 2 3 4 hutoa 24.

Mwaka wa 1990 Iverson, akishirikiana na Roger Hui, alitoa lugha nyingine iliyoitwa J. Katika lugha hii aliziacha istilahi nyingi za wahandisi na kuazima istilahi za sarufi. Safu aliziita nomino. Vitendo vya kujumlisha, kuzidisha na vinginevyo aliviita vitenzi. Alama kama mkwaju, inayogeuza kujumlisha kuwa kukunja kwa kujumlisha, aliiita kielezi. Alama inayoipa thamani jina aliiita kishirikishi, kama ni ya Kiswahili katika sentensi Juma ni mwalimu. Kwa uamuzi huo, Iverson aliufungua mlango ambao wanafunzi wa lugha hawajaubisha vya kutosha.

Utupu na thamani yake

Swali linaloonekana kuwa la kipuuzi ndilo lililozaa dhana inayozungumziwa hapa: jumla ya safu isiyo na kitu ni ngapi? Mtu aliyekurupuka atajibu kwamba swali halina maana. Aliyetulia atajibu kwamba ni 0. Jibu hilo la pili ni sahihi, lakini sababu yake si kwamba utupu na sufuri ni kitu kimoja. Sababu ni ya kimantiki. Safu ya 4 7 9 yaweza kugawanywa mara mbili, 4 7 upande mmoja na 9 upande wa pili. Jumla ya kwanza ni 11 na ya pili ni 9, na zote mbili zikijumlishwa huleta 20. Sasa safu hiyohiyo ikigawanywa ili namba zote tatu ziwe upande mmoja na upande wa pili usiwe na kitu, jumla kuu haina ruhusa ya kubadilika. Kwa hivyo jumla ya upande mtupu lazima iwe namba ambayo ikijumlishwa na 20 huiacha 20 ilivyo. Namba hiyo ni 0 tu.

Mantiki hiyohiyo ikitumiwa kwa kuzidisha huleta jibu tofauti. Zao la safu tupu haliwezi kuwa 0, kwa maana 24 ikizidishwa kwa 0 huangamia. Lazima liwe 1. Atakayedhani kwamba hili ni jambo la wanazuoni wasio na shughuli na atazame deni la shilingi 1,000 linaloongezeka kwa asilimia 10 kila mwezi. Baada ya miezi mitatu deni hilo huzidishwa kwa 1.1 mara tatu na kuwa shilingi 1,331. Je, likilipwa kabla ya mwezi wa kwanza kumalizika? Safu ya vizidishi ni tupu. Programu inayodai kwamba zao la utupu ni 0 ingemwambia mdaiwa kwamba hadaiwi chochote, na mkopeshaji angekuwa amenyang'anywa mali yake na kosa la sarufi ya alama. Programu inayotoa 1 humwambia ukweli: deni lingali shilingi 1,000.

Kila tendo, basi, lina thamani yake isiyobadili kitu. Katika kutafuta namba kubwa kuliko zote ndani ya safu, thamani hiyo ni ndogo kuliko namba yoyote ile, kwa sababu kitu chochote kitakacholinganishwa nayo kitaishinda. Lugha ya APL hutoa namba ndogo kabisa ambayo mtambo waweza kuiwakilisha. Lugha ya J hutoa hasi isiyo na kikomo. Katika kutoa, thamani ni 0, lakini kwa sharti kwamba isimame upande wa kulia: 7 toa 0 ni 7, ilhali 0 toa 7 si 7. Yapo pia matendo yasiyo na thamani ya namna hii hata kidogo, na lugha hulazimika kukiri hivyo kwa kutoa ujumbe wa kosa.

Mfano unaowahusu moja kwa moja wanafunzi wa semantiki ni ule wa neno wote. Katika APL, kukunja safu kwa kiunganishi cha kimantiki na hutoa kweli ikiwa kila kipashio ni kweli. Safu ikiwa tupu, jibu ni kweli. Maana yake ni kwamba sentensi Wanafunzi wote wanaodaiwa karo wamearifiwa huhesabiwa kuwa ya kweli hata pale ambapo hakuna mwanafunzi anayedaiwa. Msemaji wa Kiswahili husita kuikubali hukumu hiyo, kwani anayetamka sentensi hiyo humfanya msikilizaji aamini kwamba wadaiwa wapo. Hapa mtambo hushika semantiki na kuiacha pragmatiki. Na pengo hilo lina hatari zake. Orodha ya wadaiwa ikikosa kusomwa kwa sababu faili limepotea, mtambo utaripoti bila haya kwamba wote wamearifiwa. Utupu uliotokana na ukweli na utupu uliotokana na uzembe huonekana sawa machoni pake.

Umbo la utupu

Mwaka wa 1984 kampuni ya IBM ilitoa lugha ya APL2, iliyoruhusu safu kuwekwa ndani ya safu nyingine. Tatizo la utupu likazidi ugumu. Haikutosha tena kusema kwamba jumla ya utupu ni 0, kwa sababu wakati mwingine jibu linalotakiwa si namba moja. Ikiwa kuna jedwali lenye safu wima tatu, tuseme za alama za fasihi, isimu na sarufi, lakini halina hata mstari mmoja wa mwanafunzi, jumla yake kwa kila somo ni sufuri tatu, wala si moja. Kwa hiyo APL2 ilivipa vitendo vingi vya msingi vitendo vingine vya kuvitumikia, ambavyo hulitazama umbo la safu tupu na kutoa jibu lenye umbo linalolingana nalo.

Wazo kwamba utupu una umbo humshangaza mzungumzaji wa Kiingereza. Halipaswi kumshangaza mzungumzaji wa Kiswahili. Katika Kiswahili, kutokuwepo hukubaliana na ngeli. Vitabu havipo, wanafunzi hawapo, kalamu hazipo: vitu vyenyewe havionekani, ila viambishi vyao vimesimama imara kuvishuhudia. Mahali nako kuna utaratibu wake, kwa maana hapana, hakuna na hamna hutofautisha utupu wa pale palipo dhahiri, wa kule kusiko dhahiri na wa mle ndani. Nomino tunda nayo haina kiambishi cha umoja kinachosikika, lakini hapana anayesema tunda kimeiva. Wanamofolojia husema kwamba mna kiambishi kapa, na kwamba kapa hiyo ni ya ngeli maalumu. Hata zamani za kale, karne kadhaa kabla ya Kristo, mwanasarufi Pāṇini wa Bara Hindi alikwisha kutambua kwamba sarufi ya Kisanskriti haiwezi kuelezwa barabara bila ya kutambua kisichoonekana kuwa ni sehemu ya mfumo. Mwanafunzi aliyeyaelewa haya katika kozi ya mofolojia amekwisha kuielewa nusu ya APL2.

Kitenzi kisichotenda

Mbali na thamani zisizobadili kitu, lugha za safu zina vitendo vizima visivyobadili kitu. Katika APL ya kisasa alama zake ni ⊢ na ⊣. Katika J ni ] na [. Kitendo ⊢ kikipewa safu moja, huirudisha safu hiyohiyo. Kikiwa na safu mbili, moja kila upande, hurudisha ya kulia na kuiacha ya kushoto. Mwenzake ⊣ hurudisha ya kushoto. Anayevitazama kwa mara ya kwanza huuliza ni nani aliyehitaji kitenzi kisichotenda.

Jibu limo katika namna vitenzi vinavyounganishwa. Katika lugha ya APL inayotolewa na kampuni ya Dyalog ya Uingereza, tangu toleo la 14.0 la mwaka wa 2014, vitenzi vyaweza kupangwa mfululizo ili kuunda kitenzi kipya. Vitatu vikifuatana, cha kwanza na cha tatu hutenda kando kando juu ya safu ileile, na cha kati huyaunganisha matokeo yao. Hivyo +/÷≢ humaanisha jumla igawanywe kwa idadi, yaani wastani. Mwalimu anayetaka kujua kila mwanafunzi amepita au amepungukiwa na wastani kwa kiasi gani huandika ⊢-+/÷≢. Alama zikiwa 50, 60 na 70, wastani ni 60, na majibu ni hasi 10, sufuri na 10. Mfululizo huo husomeka kwa Kiswahili bila ya kukwama: zenyewe, toa wastani. Sasa ⊢ ikiondolewa kwa kisingizio kwamba haifanyi kazi, muundo hugeuka kabisa. Alama ya kutoa hukosa cha kutolea, huwa alama ya kugeuza namba kuwa hasi, na jibu huwa hasi 60. Kitenzi kilichodharauliwa ndicho kilichokuwa kimeishikilia sentensi.

Tafsiri hiyo ya zenyewe haikuja kwa bahati. Kivumishi -enyewe ndicho kinachokaribiana zaidi na alama ya ⊢, kwani husisitiza kwamba kinachozungumziwa ni kitu hicho hicho, si sehemu yake wala si kilichotokana nacho. Tena shina lake halibadiliki, ilhali kiambishi chake hufuata nomino inayohusika: mwenyewe, chenyewe, lenyewe, zenyewe. Ndivyo ilivyo alama hiyo, ambayo hupokea namba, herufi au jedwali na kulirudisha kila moja kwa umbo lake.

Kazi nyingine ya kitenzi hiki ni ya kuonyesha. Katika J, mtunzi akiipa safu jina, mtambo huihifadhi kimya kimya. Akitanguliza ], mtambo huionyesha safu hiyo kwenye skrini. Thamani haikubadilika, kilichobadilika ni kwamba imetamkwa.

Ku isiyo na maana

Mtu anayedhani kwamba lugha za binadamu hazina vitu vya aina hii na alitazame neno anakula. Kiambishi a- ni cha nafsi, -na- ni cha wakati, na -la ndiyo shina la kitenzi. Ku- iliyobaki ni ya nini? Si ya kitenzijina, kwa maana tendo lina nafsi na wakati. Si ya ukanushi, kwa maana sentensi ni yakinishi. Si ya mtendwa, kwa maana hakuna mtu wa nafsi ya pili anayeliwa. Kwa upande wa maana, ku- hii haiongezi kitu. Lakini ikiondolewa, linalobaki ni *anala, neno ambalo Mswahili yeyote huligutukia.

Maelezo yake yamo katika fonolojia. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya wakati kama -na-, -li-, -ta- na -me- havina desturi ya kuubeba. Shina lenye silabi moja haliwezi kujisaidia. Ku- huingizwa ili ipokee mzigo huo. Kinapopatikana kiambishi kingine chenye nguvu za kuubeba, ku- huondoka bila ya kuagwa: aliyala matunda, akila, akala. Kwa maneno mengine, ku- hukaa pale tu muundo unapohitaji kitu na maana haihitaji chochote. Hiyo ndiyo kazi ya ⊢ katika mfululizo wa vitenzi.

Ulinganishi huu usipindukie mipaka. Ku- huitikia sauti, na ⊢ huitikia mpangilio wa ukokotoaji. Isitoshe, ku- ni tunda la historia ya lugha ambayo hapana mtu mmoja aliyeiamua, na ⊢ ni uamuzi wa wabunifu. Linalofanana ni funzo: katika mfumo wa alama, kazi ya kipashio haipimwi kwa maana kinayoongeza peke yake, bali pia kwa nafasi kinayoishikilia.

Funzo la pili linamhusu Iverson mwenyewe. Alipoiita alama ya mkwaju kielezi, aliongozwa na sarufi ya Kiingereza, ambamo kielezi ni neno linalojitegemea. Lakini mkwaju haujitegemei. Huambatishwa mwishoni mwa kitenzi na kukizalisha kitenzi kipya, kama vile piga inavyozaa pigana, pigisha na pigwa. Mwanafunzi wa Kiswahili angeiita alama hiyo kiambishi cha mnyambuliko, na jina hilo lingekuwa sahihi zaidi. Mgala muue na haki yake mpe: Iverson aliona kwamba alama za hisabati zina sarufi. Ila sarufi aliyokuwa nayo mkononi haikuwa tajiri kwa vinyambulishi kama ilivyo sarufi ya lugha za Kibantu.

Suala la jina

Mwanafunzi wa Kenya wa leo huenda asikutane na APL maishani mwake. Hata hivyo, ni rahisi akutane na NumPy, maktaba ya lugha ya Python inayotumiwa sana katika uchanganuzi wa data na ambayo imerithi mengi kutoka kwa lugha za safu. NumPy hutoa 0 kwa jumla ya safu tupu na 1 kwa zao lake. Lakini ikiulizwa namba kubwa kuliko zote katika safu tupu, hukataa, na katika ujumbe wake wa kosa hueleza kwamba tendo hilo halina identity. Mfasiri wa kamusi atamwambia mwanafunzi huyo kwamba tendo lake halina utambulisho, au vibaya zaidi, halina kitambulisho. Nchini Kenya mtu asiye na kitambulisho huendea afisi ya usajili wa watu. Mwanafunzi huyu aende wapi?

Majina mengine mawili yaweza kufikiriwa. La kwanza ni la mkopo, aidentiti. Ukopaji si dhambi, na Kiswahili kimejengwa kwa mikopo mingi yenye manufaa. Mkopo hufaa pale neno linapokuja pamoja na kitu kipya, kama vile intaneti. Hapa wazo si geni, na neno la mkopo halimwonyeshi mwanafunzi njia ya kulifikia. La pili ni kibakishi, kutokana na kitenzi bakisha. Jina hili lina sauti nzuri, ila neno baki limekwisha kutwaliwa na hisabati ya shule za msingi kwa maana ya kinachosalia baada ya kugawanya. Kulitumia kwa jambo jingine katika uwanja uleule ni kutafuta mkanganyiko kwa tochi.

Jina linalopendekezwa na makala haya ni kidumishi. Limetokana na kitenzi dumu, likapitia usababishi dumisha, na kufuata ruwaza ya ki-...-i ambayo wanasarufi wa Kiswahili wameizoea katika kiunganishi, kiwakilishi na kishirikishi. Maana yake ni kile kinachodumisha. Linakidhi haja mbili kwa pamoja. Thamani isiyobadili kitu itaitwa kidumishi cha tendo fulani: kidumishi cha kujumlisha ni 0, cha kuzidisha ni 1. Nacho kitendo kisichobadili kitu kitaitwa kitenzi kidumishi, cha kulia au cha kushoto kwa kadiri ya upande kinaoudumisha. Ujumbe wa NumPy ukifasiriwa kuwa tendo hili halina kidumishi, mwanafunzi hata kama hajawahi kulisikia neno hilo atalikisia: hakuna namba ya kuanzia isiyoyaharibu matokeo. Mwanafunzi huyo atakuwa ameongozwa na lugha yake kuielekea dhana.

Pingamizi

Yamkini watakuwepo watakaosema kwamba kazi hii si ya wanafunzi wa Kiswahili, bali ni ya wahandisi. Historia ya istilahi za tarakilishi inawajibu. Neno la mashine yenyewe limegombewa kwa miaka mingi, Wakenya wengi wakishikilia tarakilishi na Watanzania wengi kompyuta, na wengine walijaribu ngamizi. Mzozo huo umetumia wino mwingi juu ya jina la sanduku, huku majina ya yanayotendeka ndani ya sanduku yakiachwa yatima. Mhandisi anajua dhana ila mara nyingi hana mazoea ya kuchambua viambishi. Mwanaisimu ana mazoea hayo ila huogopa dhana. Bila ya kukutana, kila mmoja ataendelea kuilaumu lugha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Huenda ikadaiwa kwamba kuusifu utupu wenye jibu ni hatari, na kwamba mtambo unapokosa data ni heri ukae kimya kuliko kutoa namba. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Wastani wa darasa lisilo na mwanafunzi ni 0 gawanya kwa 0. Katika APL jibu la kawaida ni 1. Katika J ni 0. Lugha mbili za baba mmoja hazipatani, na hapana mwalimu atakayelikubali mojawapo ya majibu hayo katika ripoti ya mitihani. Lakini tatizo hili halitokani na kidumishi. Jumla ya utupu ina jibu moja linalolazimishwa na mantiki. Wastani wa utupu hauna. Anayeitambua dhana ya kidumishi ndiye awezaye kutofautisha majibu yaliyolazimishwa na mantiki na majibu yaliyochaguliwa kwa urahisi wa mbunifu. Asiyeitambua huyaamini yote au huyakataa yote. Kwa hiyo hatari iliyotajwa inadai dhana hii ifundishwe zaidi, na ifundishwe kwa lugha inayoeleweka.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO liliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Heshima hizo zote zatoka nje ya lugha yenyewe, na haziwezi kuijazia kamusi yake. Kinachoweza kuijaza ni kazi ndogo ndogo za subira: kuichukua dhana moja, kuifuatilia hadi mwisho wa utendaji wake, kuulinganisha utendaji huo na yale ambayo sarufi ya Kiswahili imekwisha kuyajua, kisha ndipo jina litolewe.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyaweza kuianza kazi hiyo bila ya kungoja fedha wala idhini. Vikae na wenzao wa idara za hisabati na sayansi ya tarakilishi, vichukue ukurasa mmoja wa istilahi kila muhula, na vijadili kila neno mpaka pande zote mbili ziridhike kwamba dhana haikupotea njiani. Jina kidumishi laweza kukubaliwa au likapatikana lililo bora zaidi. Lakini mjadala huo haufai kuanza kwa swali la neno hili la Kiingereza linaitwaje. Uanze kwa swali la kitu hiki kinafanya nini.